Breki na rejeta za Corolla ya zamani: ufanye nini mwenyewe na usimame wapi

Swali: "Ninaishi Iringa mjini na ninaendesha Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Kila ninaporudi kutoka Morogoro, mshale wa joto hupanda nikifika katikati ya mlima Kitonga. Nikiwa nashuka mlima huohuo kwenda Morogoro, pedali ya breki hulainika mpaka karibu na sakafu, lakini nikipumzika Ruaha Mbuyuni hurudi kuwa ngumu. Fundi alishatoa thamostati na kuniambia niwe naongeza maji tu. Nina jeki, seti ya spana na nafasi Jumamosi na Jumapili. Je, naweza kurekebisha breki na rejeta mwenyewe, na nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umezieleza dalili kwa utulivu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako. Gari lako lina vyombo viwili vilivyofungwa, kimoja cha maji na kingine cha oili ya breki, na inaelekea kwamba kwa miaka mingi vyote viwili vimekuwa vikiongezewa bila mtu kuuliza kilichopungua kilikwenda wapi wala kilichobaki kina hali gani. Kazi nyingi kati ya hizi unaziweza. Zipo chache ambazo nakusihi usiziguse, nami nitazitaja kila moja mahali pake. Kuhusu pa kuanzia, anza na breki. Gari lililochemsha litakuacha kando ya barabara ukisubiri lipoe, lakini gari lisilo na breki katika zile kona za Kitonga, malori yakiwa yanapanda upande wa pili, halitakupa nafasi ya kusubiri chochote. Mpaka breki zitakapokamilika, usilishushe tena mlimani.

Pedali inayolainika mteremkoni kisha kurudi gari likipumzika ni dalili ya oili ya breki iliyochemka. Oili hii hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, kupitia mipira ya breki na kila mara kifuniko cha kikopo chake kinapofunguliwa. Ile ya daraja la DOT 3, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa Corolla za umri wa hiyo yako, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Unapokuwa umekanyaga breki kwa kilomita kadhaa za mteremko, joto la diski hupenya kwenye pedi zinazoibana, kisha kwenye pistoni ya kalipa, yaani kibanio kinachozisukuma pedi hizo, na oili iliyochoka huanza kutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea, oili haibonyei. Ndiyo maana mguu wako unazama bila gari kushikwa. Ukisimama Ruaha Mbuyuni ukanywa chai, mvuke unapoa na kurudi kuwa kimiminika, na pedali inakudanganya kwamba imepona.

Itofautishe dalili hiyo na nyingine mbili zinazofanana nayo. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, tatizo liko kwenye pedi za mbele na shuu (vile vipande vinavyosugua ndani ya dramu za nyuma) zilizopata joto mpaka uso wake ukawa kama kioo, au zimelowa oili. Pedali ikizama taratibu gari likiwa limesimama, mguu ukiwa umetulia juu yake na oili haionekani kuvuja popote, raba za ndani ya masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, zimekwisha, na hiyo si kazi ya nyumbani. Fanya jaribio hilo la mwisho leo hii, kabla hujafungua hata nati moja: washa injini, kanyaga kwa nguvu ya wastani, shikilia kwa dakika moja nzima. Pedali ikishuka, mpigie fundi.

Jina hili la "oili ya breki" limewaponza watu wengi, kwa sababu kitu chenyewe si oili ya aina ya injini hata kidogo. Raba za breki zimetengenezwa kuvumilia kimiminika hicho tu. Ukitia oili ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha breki, hata kijiko kimoja, raba zote huvimba, kuanzia masta silinda hadi magurudumu ya nyuma, na breki zinaweza kushika zenyewe au kuacha kabisa. Dizeli, petroli na mafuta ya taa yana madhara hayohayo, kwa hiyo usisafishie navyo kitu chochote chenye raba. Ukifungua kifuniko cha kikopo ukaona mpira wake umevimba na hauingii tena mahali pake, simama hapo: kuna mtu alishatia mafuta yasiyofaa, na mfumo mzima unahitaji kubadilishwa raba. Nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, usinunue ya kumiminiwa dukani. Kwa safari zako za mlimani napendelea DOT 4, ambayo inachanganyika na DOT 3 na huchemka kwenye nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Iepuke DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo mbili.

Kabla ya kuinua gari, nakuomba uchukue maneno haya kama sharti. Jeki ni ya kuinulia gari, haikuwekwa kulishikilia mtu akiwa chini yake. Nunua stendi mbili za chuma za kuegemezea gari, uziweke kwenye sehemu zilizoimarishwa za bodi, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Usitumie matofali ya saruji wala mawe yaliyopangwa, kwa kuwa tofali linaweza kupasuka ghafla bila kutoa ishara. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, na ulegeze nati za gurudumu gari likiwa bado limesimama kwa matairi yote manne. Ukilishusha, kaza nati kwa kuvukishana, kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 100 kama utaazima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Sasa kalipa za mbele. Kabla ya kuzifungua, endesha gari mjini kwa dakika kumi na tano, kisha simama na usogeze nyuma ya kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto zaidi ya mwenzake wa upande wa pili, kalipa yake imeganda na pedi zinasugua muda wote. Hili nalitilia mkazo kwa sababu kalipa iliyoganda inaunganisha matatizo yako mawili: inachemsha oili ya breki ukishuka, na ukipanda inailazimisha injini kuvuta gari lililofungwa breki, hivyo kuongeza joto la maji. Nimeona magari yaliyobadilishiwa rejeta wakati ugonjwa ulikuwa kwenye pini mbili zilizokauka grisi.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, uinyanyue kalipa kwa juu, na kama unaitoa kabisa ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake hata dakika moja. Ukizitazama pedi kwa ubavu utaona bamba la chuma na juu yake nyenzo nyeusi au ya kijivu. Nyenzo hiyo ikibaki milimita 1 umeshachelewa. Kwa mtu wa mlimani mimi huzibadilisha zikifika milimita 3, kwa sababu pedi nyembamba hupitisha joto jingi zaidi kwenda kwenye oili. Linganisha pedi ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika kwa usawa, kalipa inateleza vizuri. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, pini hazitelezi: zichomoe, zifute, usugue kutu kwa msasa laini, kisha uzipake grisi ya silikoni inayouzwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha vijiraba vyake, na baada ya miezi michache utarudi palepale. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani pedi na shuu za zamani huenda zina asbestosi. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa na ukitupe.

Ili pedi mpya ziingie, pistoni ni lazima irudishwe ndani. Wengi huisukuma tu, na ile oili chafu iliyopikwa kwenye kalipa hurudi hadi juu kwenye kikopo. Ni vema kuvika mrija kwenye nipo, ile nati ndogo yenye tundu ya kutolea upepo, kuuelekeza mrija chupani, kuilegeza nipo nusu mzunguko, kuisukuma pistoni taratibu kwa klampu ili oili chafu itoke nje, kisha kuikaza nipo kabla ya kuachia. Hapa lipo jambo ambalo wengi hulisahau: oili kwenye kikopo hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, na huko si kuvuja. Aliyejaza kikopo mpaka juu wakati pedi zimelika ataikuta inafurika siku ya kuweka mpya, na itababua rangi ya gari popote itakapodondokea. Ikidondoka, mwagia maji mengi mara moja, usiisugue.

Tazama diski pia. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi kwenye kitovu au ukingoni. Safisha kutu usome namba hiyo, kisha upime kwa kalipa ya kupimia, mahali pedi zinapogusa. Ukingo wa nje uliobaki juu kama mdomo wa sufuria hauhesabiwi. Diski iliyo chini ya namba hiyo haina chuma cha kutosha kubeba joto la Kitonga, hata ikichongwa ikang'aa.

Dramu za nyuma zinahitaji subira zaidi kuliko ujuzi. Achia breki ya mkono kwanza. Dramu iliyogoma usiipige kwa nyundo. Ina matundu mawili yenye hesi, nawe ukiingiza bolti za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu itasukumwa nje yenyewe. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo chako cha mahali springi zinapokaa, na piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa springi ya kwanza. Kisha ufunue kidogo kwa kidole ule mpira wa vumbi kwenye ncha ya silinda ndogo ya gurudumu. Ukiwa mkavu, uache. Ukikuta majimaji ndani yake, hapo ndipo oili yako imekuwa ikienda, na dawa yake ni kubadilisha silinda nzima, pamoja na shuu zilizolowa. Shuu iliyokunywa oili haifuliki wala haichomeki motoni ikarudi kuwa shuu. Shuu na pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku utakapokanyaga kwa dharura.

Baada ya hapo ni kutoa upepo na kubadilisha oili yote. Utahitaji mtu mzima mmoja wa kukanyaga pedali, asiyekuwa na simu mkononi. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani kulia ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto na la mbele kulia. Mrija unaoonyesha ndani uwe umezama kwenye chupa yenye oili safi kidogo. Mwenzako anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua nipo, oili inatoka, unafunga, ndipo anaachia. Akufuate neno kwa neno, na asiachie kabla hujasema "imefungwa". Oili ya miaka mingi itatoka ikiwa na rangi ya chai ya rangi, pengine na chembe nyeusi za raba. Endelea mpaka itoke ile ya manjano hafifu bila mapovu. Kila baada ya kukanyaga mara tano, ongeza oili kwenye kikopo, kwani kikikauka utavuta hewa na kuanza upya.

Kwa gari la umri wa hili lako, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni wakati wa kazi hii. Ndani ya masta silinda, raba zimekuwa zikitembea eneo lilelile kwa miaka zaidi ya ishirini, na mbele ya eneo hilo kuna kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka mwisho, raba hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika, nawe uliyeanza Jumamosi na masta silinda nzima utamaliza Jumapili na mbovu.

Kabla ya kulisogeza gari hata hatua moja, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Nilipokuwa kijana nilifunga pedi mpya, nikawasha gari, nikarudi nyuma nikiwa na furaha ya kazi nzuri, na pedali ikaenda moja kwa moja sakafuni kwa sababu pistoni zilikuwa bado zimerudi ndani. Ukuta wa uani ndio uliolisimamisha gari. Mtoto wa jirani alikuwa ametoka kucheza palepale dakika chache kabla, nami tangu siku hiyo hutundika ufunguo kwenye pedali, si kwenye swichi, mpaka niwe nimeikanyaga. Ikishakuwa ngumu, tafuta barabara tupu iliyo tambarare, fika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, upunguze taratibu hadi 10, na urudie hivyo mara kama kumi ukiacha nafasi ya kupoa katikati, ili uso wa pedi ulingane na diski.

Mipira ya breki iliyopasuka juu, mabomba ya chuma yenye kutu, masta silinda, busta inayousaidia mguu kukanyaga, na mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga kwa nguvu) kama gari lako linao, mwachie fundi mwenye vifaa. Nasema hivi kwa sababu kosa la hapo halionekani kwa macho. Hujitokeza siku moja tu, nayo ni siku ya kukanyaga kwa nguvu zote.

Tukija kwenye rejeta, fikiria kwanza mahali unapoishi. Iringa iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na huko maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 95. Kinachoyazuia maji ya gari yasichemke mapema hivyo ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia msukumo ulioandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 kwa Corolla hizi, na kuusogeza mwanzo wa kuchemka kupita nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka au springi imelegea, msukumo haukai, maji yanachemka mapema na kumwagika kupitia chupa ya akiba. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, na cha bei ndogo kuliko vyote, ni kifuniko kipya chenye namba ileile. Usikifungue cha zamani injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono na kuubonyeza bila kuungua.

Cha pili ni kurudisha thamostati, na hapa sina budi kumpinga fundi wako, ingawa najua alifanya linalofanywa na wengi. Hoja yao ni kwamba pasipo thamostati maji hupita kwa wingi zaidi na injini hupoa. Katika injini ya 5A thamostati ina kazi mbili: uso wake mkubwa hufungua njia ya rejeta, na kisahani kidogo kilicho mguuni pake, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote. Katika barabara tambarare hutaona tofauti, pengine mshale utakaa chini na utasifu kazi. Ukianza kupanda Kitonga kwa gia ya pili, sehemu ya maji yale moto inazunguka humohumo ndani, na rejeta inapoza sehemu tu ya maji yote. Huenda ugonjwa wako wote wa kuchemsha umo katika tundu hilo tupu.

Nunua thamostati iliyochongwa nyuzi 82, na kabla ya kuifunga ijaribu jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, upashe moto, uweke kipimajoto kama unacho. Itaanza kuachama kati ya nyuzi 80 na 84, na maji ya Iringa yakichemka iwe imefunguka kwa milimita 8 hivi, kama upana wa kalamu. Ukiitoa ipoe, ifunge kabisa. Wakati wa kuifunga kwenye injini, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu, kwa kuwa ndicho kinachopitisha hewa, na weka raba yake mpya.

Kabla ya kuifungua rejeta, chukua tochi usiku, mtu mmoja aimulike kwa nyuma, nawe utazame kwa mbele. Mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta hukusanyika vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, vikawa kama mkeka. Safisha kwa maji ya mpira yenye msukumo mdogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi na kuziba njia zaidi. Kisha washa injini na kiyoyozi: feni inapaswa kuanza kuzunguka papo hapo. Zima kiyoyozi, acha injini ipate joto, na usubiri feni ya rejeta iwake yenyewe. Isipowaka, chunguza fyuzi, rilei na swichi yake ya joto kabla ya kulaumu rejeta.

Kuhusu uvujaji, tafuta alama. Maji yaliyovuja na kukauka huacha chumvi nyeupe, au ya rangi ya kulanti (kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ya rejeta), mahali yalipopita: kwenye mshono wa tangi la plastiki na alumini, kwenye shingo za mipira, chini ya pampu ya maji. Mipira iliyo laini kama nyama iliyoiva, au migumu inayotoa sauti ikibonyezwa, ibadilishe yote kwa pamoja. Rejeta ya Corolla hii ni ya alumini yenye matangi ya plastiki, na haichomelewi kama zile za shaba za Land Rover za zamani. Ufa ukiwa kwenye plastiki, nunua rejeta nyingine. Gundi haidumu kwenye joto na msukumo ule. Ute wa yai na unga unaotiwa ili kuziba tundu huziba pia vijia vya maji na vya hita, nao huwezi kuuambia uzibe wapi.

Kuisuuza ni kazi ya asubuhi moja. Toa maji yote kwa nati ya chini ya rejeta injini ikiwa ya baridi, fungua mipira ya juu na ya chini, na upitishe maji safi kinyume cha mwendo wake wa kawaida, kutoka chini kwenda juu, mpaka kutu na magamba yaishe. Unapojaza, usitumie maji ya kisima, ambayo chumvi zake ndizo zilizojenga magamba hayo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi au yaliyotoneshwa yanafaa zaidi. Changanya nusu kwa nusu na kulanti. Mfumo mzima unachukua kati ya lita tano na sita, nawe pima unachotia, kwani ikiingia lita tatu tu, ujue hewa imebaki ndani. Acha kifuniko wazi, hita ikiwa kwenye joto la juu, injini izunguke polepole mpaka thamostati ifunguke, mpira wa chini upate joto na mapovu yaishe; ongeza, funga, jaza chupa ya akiba hadi alama. Kulanti ina utamu na ni sumu, kwa hiyo usiimwage uani wanapopita watoto, kuku na mbwa.

Lakini mapovu yasipoisha hata baada ya nusu saa, au mipira ikiwa migumu dakika mbili tu baada ya kuwasha injini ya baridi, au oili ya injini ikiwa na rangi ya maziwa, au maji yakipungua bila alama yoyote nje, gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini, inapitisha. Huo ndio mpaka wa kazi yako kwenye upande wa maji. Usiendelee kuongeza na kuendesha, kwa sababu hedi ya alumini hupinda, na matengenezo ya gasketi hugeuka kuwa ununuzi wa hedi.

Ukishamaliza yote, weka mstari wa kalamu kwenye chupa ya akiba na kwenye kikopo cha breki, injini ikiwa ya baridi, na utumie gari mjini kwa wiki mbili ukikagua kila asubuhi. Mistari ikibaki palepale, nenda Morogoro. Shuka Kitonga kwa gia ileile ambayo ungepandia, pengine ya pili, ukikanyaga breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu na kuziachia zipoe, badala ya kuziegemea njia nzima. Wakati wa kurudi, mshale wa joto ukisogea, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na upunguze mwendo. Ukikaribia alama nyekundu, simama mahali salama. Ukifika Ruaha Mbuyuni kwa mara ya kwanza, pitisha kiganja karibu na rimu zote nne kabla hujaagiza chai, uandike ni ipi iliyo moto zaidi ya mwenzake. Ikiwa ipo, niandikie tena ukinitajia gurudumu hilo, namna pedali ilivyokuwa na mahali ilipofika mistari yako miwili.